Kikapu cha Tisa

Ukifika Paya, upande wa Tororo, ukauliza nyumba ya marehemu Mwalimu Yokana Obbo, watu watakukunjia uso na kukuuliza, "Obbo yupi?" Maana akina Obbo kwetu ni wengi. Lakini uliza kwa Nne-na-Nusu, na hata mama anayepepeta wimbi uani ataweka ungo chini akuonyeshe njia, tena akicheka. Huyo Nne-na-Nusu ndiye baba yangu mzazi. Mimi nilipoanza shule niliitwa Mbili-na-Robo, yaani nusu ya baba, kabla sijajua kuandika jina langu la ubatizo, na nilichukia sana. Sasa nimezeeka, sichukii tena. Nitaeleza jina hilo lilitoka wapi, maana kila mtu wa Paya analisimulia na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, wakati kiwanda cha saruji kilipokuwa kinajengwa Tororo na vijana wote wakikimbilia kule kutafuta kibarua. Baba hakukimbia. Alikuwa mwalimu wa madarasa ya chini katika shule moja ya misheni, kijana mwembamba mwenye kaptura iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa na mdomo usiojua kupumzika. Alitaka kufundisha hesabu madarasa ya juu, na kwa ajili hiyo alisoma kwa posta pamoja na rafiki yake Wabwire, mwalimu mwenzake wa Bulumbi, kule Busia. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa wote wawili. Wiki hii kinalala Paya, wiki ijayo kinapanda baiskeli kwenda Bulumbi. Kurasa za mwisho zilikuwa na majibu, na baba alikuwa na tabia ya kugombana nazo. Jibu lake likitofautiana na la kitabu, alisema mpiga chapa wa Ulaya alikuwa amelewa.

Mwaka huo alimwoa mama yangu, Athieno, binti wa mzee Odoi wa Mulanda, akamleta katika boma la mama yake, bibi yangu Alupo. Bibi alikuwa Mteso. Babu alikutana naye alipokuwa kibarua wa reli, na kwa kuwa yeye hakujua Kiteso na bibi hakujua Kipadhola chetu, walichumbiana kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho cha reli kikawa lugha ya nyumba yetu mpaka leo. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Bibi ndiye aliyekuwa serikali.

Na serikali hiyo ilikuwa na sheria moja kwa kila mke aliyeingia bomani. Sijui kama bibi aliitoa kwao au aliitunga mwenyewe. Sijaiona kwa watu wengine. Bibi arusi alipewa kikapu kimoja cha mbegu za karanga. Alizipanda mvua za kwanza, zile za Machi. Akivuna, haonji hata punje moja. Zote zinarudi ardhini mvua za pili, za Agosti. Mavuno ya pili ndiyo yaliyopimwa, karibu na Krismasi, mbele ya watu, kwa kikapu kile kile. Vikitimia vikapu tisa, mke anajengewa jiko lake mwenyewe. Visipotimia, anaendelea kupika katika jiko la mama mkwe, na kila mgeni anaelezwa kwa nini.

Mavuno ya kwanza hayakupimwa kamwe. "Hapana pima mtoto ndani ya tumbo," bibi alisema. Kwa hiyo hakuna mtu katika boma zima aliyejua kikapu kimoja huwa vingapi katikati ya mwaka. Walijua mwanzo, kimoja, na mwisho, tisa.

Mama alilitaka jiko lile kuliko kitu kingine chochote duniani. Aliniambia hivyo kwa kinywa chake. Jiko la bibi lilikuwa na moshi wa kutoa machozi, lakini moshi si kitu. Kilichomkera ni kwamba akiinjika chungu, bibi alikuja nyuma yake, akafunua kifuniko, akachungulia, akasema, "Mh." Basi. Hakuongeza neno. Mama alisema angeweza kuvumilia matusi, ila ile "Mh" ilimnyima usingizi.

Mavuno ya kwanza yakaja. Karanga zikang'olewa, zikaanikwa, zikamenywa, zikalala mkekani zikisubiri mvua. Wiki hiyo kitabu kilikuwa zamu ya Paya, na baba alikuwa amefika sura ya vipeo. Kipeo ni ile namba ndogo inayokaa begani pa namba kubwa na kuiambia ijiandike mara ngapi kabla ya kuzidishwa. Tatu yenye mbili begani ni tatu mara tatu, yaani tisa. Tatu yenye tatu begani ni tatu mara tatu mara tatu, ishirini na saba. Hapo baba hakuwa na ugomvi na mtu. Halafu akafungua ukurasa wa pili, akakuta tisa, na begani pake pamekaa nusu.

Akacheka peke yake. Nusu begani? Basi ni nusu ya tisa, nne na nusu. Kazi ya watoto hii. Akafungua kurasa za majibu ajipongeze. Kitabu kikasema: tatu.

"Amelewa tena," baba akasema, akafunga kitabu kwa hasira, akatoka nje kupunga hewa.

Huko nje ndiko shetani alikomngojea. Bibi alikuwa shambani. Mama alikuwa ameteremka kisimani. Pale uani zilikuwa karanga za mama, na kando yake kile kikapu. Baba akapiga hesabu yake haraka haraka: mwaka mzima huleta tisa. Sasa ni nusu ya mwaka. Kwa hiyo pale mkekani lazima pawe na vikapu vinne na nusu. Lo, nafasi nzuri ya kukithibitishia kitabu! Akainama akapima. Kimoja. Viwili. Vitatu. Mkeka ukabaki mtupu.

Mama akaja na mtungi kichwani, hata hajautua.

"Athieno," baba akasema kwa sauti ya darasani, "karanga nyingine ziko wapi?"

"Nyingine zipi, Mwalimu?"

"Kikapu kimoja na nusu kimepungua hapa."

"Umepima?" Mama akautua mtungi taratibu. "Umepima karanga za kwanza?"

"Usinigeuzie maneno. Jumamosi Wabwire alipokuja ulimpikia mboga ya karanga. Zilitoka wapi?"

"Zile aliniletea mama yangu kutoka Mulanda! Na wewe mwenyewe ulilamba sahani mpaka ikang'aa."

"Hesabu haisemi uongo, Athieno."

"Basi nenda kaioe hesabu."

Kula mbegu, kwa bibi yangu, kulikuwa kosa la kwanza. Kuiba kulifuata kwa mbali. Kwa hiyo bibi alipotoka shambani akakuta kelele, akaelezwa, ilibidi atafute kwanza aanze kumkasirikia nani. Akaanza na mwanawe.

"Wewe napima karanga ya kwanza? Nani ametuma wewe?"

"Mama, hesabu..."

"Nyamaza." Akamgeukia mama yangu. "Na wewe? Nakula mbegu?"

"Sikula, Mama. Hata punje."

Bibi akamtazama kama alivyokuwa akitazama chungu. "Mh," akasema. "Mwisho ya mwaka tutaona. Tisa, jiko iko. Kama si tisa, jiko hakuna, na mimi tajua nani nakula."

Mama hakulia mbele yao. Alifunga nguo zake katika shuka, akashika njia ya Mulanda, na mtungi ule aliuacha pale pale uani, umejaa maji. Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Jumamosi Wabwire alikuja kuchukua kitabu. Habari alikuwa amekwisha kuipata kwa majirani kabla hajateremka kwenye baiskeli. Alimkuta baba amekaa juu ya kinu, ameshika tama. Rafiki wa kweli angempa pole. Wabwire alishika mbavu akacheka mpaka baiskeli ikaanguka.

"Kitabu kinasema tatu," akasema, "kikapu kinasema tatu, mke anasema hakula. Ni wewe peke yako duniani unayesema nne na nusu. Habari za asubuhi, Bwana Nne-na-Nusu!"

Siku ya soko jina lilikuwa limefika sokoni. Baba alienda kununua chumvi, muuzaji akamuuliza kama anataka pakiti nne na nusu.

Mvua za Agosti hazikungoja ndoa ya mtu ipone. Zilianza kunyesha, na vikapu vitatu vilikuwa bado mkekani. Baba akamwendea bibi kuomba msaada. Bibi akamkabidhi jembe. "Wewe napima," akasema, "wewe napanda."

Basi mwalimu akavua viatu akaingia shambani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono mzuri wa chaki. Jembe lilimjua kwa mbali tu. Alianza na kipande kile kile alichopanda mama mvua za kwanza, akakimaliza kwa shida, na kikapu kimoja kikaisha hapo. Akasimama kupumzika, akitazama vipande viwili vingine vilivyomngojea. Hapo ndipo alipoanza kuongea peke yake, na watu waliokuwa wakipita walimsikia, kwa hiyo sehemu hii ina mashahidi.

"Kipande hiki kilikula kikapu kimoja, kikatoa vitatu," alisema. "Sasa nina vipande vitatu. Kila kimoja kinakula kikapu kimoja. Kila kimoja kitatoa vitatu." Akahesabu kwa vidole. "Vitatu, mara tatu."

Akaliacha jembe.

"Na kama vingekuwa vinne na nusu? Vipande vinne na nusu, kila kimoja kinatoa vinne na nusu..." Akachuchumaa akaandika kwa kijiti kwenye matope. Jibu lilikuwa ishirini na robo. Vikapu ishirini na robo kwa mwaka! Kwa mavuno hayo bibi angewajengea wake wote wa boma majiko ya matofali na akabakiwa na karanga za kuuza.

Hapo akaelewa, na alipoelewa aliketi chini kwenye matope na kaptura yake. Karanga haziongezwi, zinazidishwa. Mwaka mzima unazidisha kwa tisa, lakini mwaka wetu una mvua mbili, na kila mvua inafanya kazi ile ile. Kwa hiyo mvua moja, nusu ya mwaka, inazidisha kwa namba ambayo ikifanya kazi mara mbili inaleta tisa. Namba hiyo ni tatu. Ndiyo inayoitwa kipeuo cha pili cha tisa, na ndiyo maana nusu ikikaa begani haikati namba vipande viwili. Inatafuta kipeuo chake. Na kama Mungu angetupa mvua tatu kwa mwaka, theluthi moja ingekaa begani na kutafuta namba inayofanya kazi mara tatu. Mpiga chapa wa Ulaya hakuwa amelewa hata kidogo.

Alipiga yowe. Mtu mwingine angetimua mbio hadi Mulanda saa ile ile, lakini mbegu zilikuwa zimelowa, na zikikaa zingeoza. Alipanda vipande vyote vitatu mpaka mikono ikachubuka. Ndipo akaoga, akamfuata Wabwire, maana kwa wakwe mtu haendi peke yake akiwa na kosa.

Mzee Odoi aliwapokea uani kwake Mulanda, akawasalimu, akawapa viti. Wabwire akatoa hotuba ya kuomba radhi, ndefu na yenye Biblia ndani yake. Baba hakuweza kungoja. Alitoa karanga mfukoni, akaziweka mkekani mbele ya mkwe wake: moja, chini yake tatu, na chini ya kila moja ya zile tatu, tatu nyingine. Akaeleza yote, mvua ya kwanza, mvua ya pili, ishirini na robo, akatokwa na jasho.

Mzee Odoi akatafuna karanga moja ya mfano.

"Mkwe," akasema, "umetembea kutoka Paya kuja kuniambia binti yangu si mwizi. Hilo nililijua kabla hujazaliwa wewe na hesabu yako. Mimi nauliza jingine. Mvua zimeanza. Nani amepanda?"

Baba akanyoosha viganja. Vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Mzee akavitazama, akamwita binti yake atoke ndani.

Mama alikuwa nyuma ya mlango muda wote, amesikia kila neno. Akatoka amekaza uso.

"Samahani, Athieno," baba akasema. "Nilikusingizia. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye sauti kubwa."

"Na nikipanda tena, mvua ya tatu?" mama akauliza, kama hakusikia.

"Huo ni mwaka mmoja na nusu. Tisa kwa kipeo cha moja na nusu. Vikapu ishirini na saba."

"Bila kufungua kitabu?"

"Bila kufungua."

Mama akazitazama zile karanga mkekani, kisha vile viganja, na uso ukamshinda, akacheka. "Umepanda kwa mistari, Mwalimu?"

"Kwa namna fulani."

"Yesu wangu," mama akasema. "Ngoja nichukue shuka langu nikaone umeharibu nini."

Mistari ile, mama alisema, ilikwenda kama ng'ombe aliyetoroka. Hakuipanda upya, muda haukuwepo. Aliipalilia hivyo hivyo ilivyo, akiifuata inakokwenda, asubuhi na jioni, na baba akitoka shule alimfuata nyuma na jembe lake dogo. Bibi alipita kila siku, akachungulia, akaenda zake.

Baba naye, badala ya kutulia, alitangaza. Sokoni, kanisani, barabarani, kila aliyemwita Nne-na-Nusu alijibiwa: "Njooni Krismasi mhesabu. Tisa kamili!" Mama alimsihi anyamaze. Yeye alikuwa anaitazama mbingu, na mbingu ya Novemba ilikuwa imekauka mapema. Karanga hazisomi vitabu. Zikipungua, watu wasingesema mvua ilikuwa chache. Wangesema Athieno alikula.

Siku ya kupima uani kulijaa. Mzee Odoi alikuja kutoka Mulanda. Wabwire alikuja na kitabu kwapani, kana kwamba nacho kilikuwa shahidi. Bibi mwenyewe ndiye aliyepima, akijaza kikapu, akikitikisa, akimwaga kwenye mkeka wa pili. Watu wakahesabu pamoja kwa sauti. Cha saba. Cha nane. Mama alikuwa ameshika nguzo ya ghala. Bibi akakusanya zilizobaki, akazimimina, akakitikisa kikapu. Kikajaa mpaka mdomoni, na juu yake kikabaki kilima kidogo.

"Tisa," bibi akasema. "Jiko iko."

Vigeligeli vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Baba alimkumbatia Wabwire, akakumbatia kitabu, akamkumbatia hata mkwe wake, jambo ambalo kwetu halifanywi. Jiko alilijenga yeye mwenyewe, na lilikuwa limepinda kama mistari yake, lakini lilikuwa la mama. Mtihani wa posta aliufaulu, madarasa ya juu akapewa, na kwa miaka mingi hakuna mtoto wa Paya aliyetoka mikononi mwake bila kuzijua karanga za Athieno. Jina halikumtoka. Mwishowe aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye kikinga matope cha baiskeli yake.

Nami alinifundisha kwa karanga hizo hizo, na kila mara alimalizia kwa kupiga meza: "Tisa kamili!" Lakini mimi nilikuwa nimekua shambani. Siku moja nilikuwa na mama jikoni kwake, yeye anasaga, mimi nachochea moto, nikamwambia, "Mama, mvua za pili hazijawahi kulingana na za kwanza hata mwaka mmoja. Zilitimiaje tisa kamili?"

Mama alichungulia nje kwanza kuona baba yuko wapi. Alikuwa mbali, anafua kaptura. Mama akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

Alfajiri ya siku ile, aliniambia, alishindwa kuvumilia. Alitoka akapima peke yake kabla watu hawajaamka. Vilikuwa vinane, na cha tisa kilipita nusu kidogo tu. Alirudisha karanga mkekani, akakaa chini pale pale ukutani mwa ghala, akawaza jinsi atakavyofunga tena nguo zake. Ndipo akasikia mlango wa bibi. Bibi alitoka amekunja pindo la nguo yake, pindo limejaa. Akafika mkekani, akaliachia. Karanga zake mwenyewe, za shamba lake mwenyewe. Akarudi ndani, akatoka na pindo jingine. Alipogeuka akamwona mama.

Hawakusalimiana. Bibi aliinama akazichanganya karanga vizuri kwa mikono yote miwili, zake na za mama, mpaka zisijulikane.

"Mimi naona wewe napalilia mistari ya Obbo," akasema. "Mistari kama ile! Mtu mwizi hapana palilia mistari kama ile."

Mama akainama akaokota punje zilizoanguka nje ya mkeka.

"Wewe hapana ambia yeye," bibi akasema, akijifuta mavumbi. "Hesabu ya mwanangu ni kweli kabisa. Mvua ndiyo haikwenda skul."